Ganda, Kivuli na Embe la Ujiji

Ukipewa picha ya matunda uisome, usianze na tunda. Anza na kivuli. Kivuli ndicho kitakachokwambia dirisha liko upande gani, jua limepanda kiasi gani, na mchoraji alikuwa akiitazama meza kutoka juu au sawasawa nayo. Ndivyo ninavyowaambia vijana wanaokuja kujifunza kwenye chumba changu cha kazi hapa Ujiji, na wengi hushangaa, kwa sababu wamekuja na hamu ya kuambiwa embe lina maana gani, komamanga lina maana gani, tofaa lina maana gani. Maana itakuja. Ila ikitangulia, inaziba macho.

Riziki yangu inatokana na mabango: saluni, maduka ya dawa, boti za Kibirizi zinazotaka jina ubavuni, na vibanda vya juisi. Hivyo vibanda ndivyo vilivyonitia kwenye matunda. Mwenye kibanda anataka nanasi, pesheni, embe na parachichi, yote mabivu, yote yanang'aa. Kwenye bango tunda linachorwa jinsi linavyojulikana na kila mtu: embe la njano, mstari mweusi kulizunguka, doa jeupe juu, kazi imekwisha. Siidharau kazi hiyo hata kidogo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki 1972, alianzisha mtindo mzima kwa rangi za makopo zinazong'aa juu ya hadibodi, bila kuhangaika na kivuli kinachoanguka chini, na mtindo huo unaishi mpaka leo. Lakini bango lazima lieleweke na mtu anayepita juu ya bodaboda. Picha ya vitu tuli, yaani vitu vilivyopangwa mezani vikachorwa kwa utulivu, inamtaka mtazamaji avute kiti.

Chumba changu kina mlango mpana unaotazama barabara na dirisha moja dogo upande wa mashariki. Mlango ukiwa wazi, mwanga unaingia kila upande, mwingine unaruka kutoka kwenye mchanga wa nje, na embe lililoko mezani linakuwa bapa. Funga mlango, acha dirisha peke yake, na embe linapata tumbo. Hapo ndipo ninapowakalisha vijana, na siwaruhusu kushika penseli kwanza. Nataka wataje wanachokiona, kuanzia penye mwanga mkali hadi penye giza.

Juu kuna mng'ao, doa dogo lisilo na rangi ya embe kabisa. Lina rangi ya dirisha, weupe wenye ubuluu wa asubuhi. Kando yake ndipo penye ile njano iliyoiva. Kisha njano inaanza kupoa, inaingia ukijani, inaingia ukahawia, mpaka inafika kwenye ukanda wenye giza kuliko sehemu zote za tunda. Watu wengi hudhani giza kubwa liko chini kabisa, ukingoni. Haliko huko. Ukingoni kuna mwanga tena, hafifu, uliogonga meza ukarudi juu. Ukitandika kitambaa chekundu, tumbo la embe litashika wekundu. Halafu kuna kivuli kilichoanguka mezani, nacho kina tabia yake: karibu na embe ni kizito na kingo zake ziko wazi, na kadiri kinavyokwenda mbali ndivyo kinavyolegea na kufifia.

Kijana mmoja alinibishia. "Mwalimu, embe ni la njano. Hicho kijani mimi sikioni." Nikachukua kipande cha karatasi nyeupe, nikakitoboa tundu dogo katikati, nikamwambia aliangalie lile eneo la kivuli kupitia tundu. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe ni rangi ya majani makavu." Karatasi yenye tundu ndiyo zana ninayoithamini kuliko brashi zangu zote, kwa sababu inalitenga doa moja la rangi na jina la tunda. Jicho linaona embe, linajua embe ni la njano, basi linaacha kutazama. Tundu halijui chochote kuhusu embe.

Halafu kuna hewa yenyewe. Kuanzia Juni hadi Septemba, moshi wa mashamba na vumbi vinatanda juu ya ziwa Tanganyika, milima ya Kongo inapotea, na jua la jioni linakuwa jekundu, unaweza kulitazama bila kukunja uso. Chungwa ninalolichora Agosti lina kivuli laini. Mvua zikishaosha anga, milima ya ng'ambo inaonekana hadi mikunjo yake, na chungwa la aina ile ile, meza ile ile, linapata kivuli chenye kingo kali. Kwa hiyo nikitazama picha ya mchoraji wa mbali, huwa najiuliza hewa ya kwao ilikuwaje na dirisha lake lilikuwa na ukubwa gani, kabla sijauliza alikuwa na dini gani.

Chukua picha ya Juan Sánchez Cotán, Mhispania aliyefanya kazi Toledo. Aliichora karibu mwaka 1602, na sasa iko San Diego, Marekani. Ina vitu vichache mno: kwinsi, ambalo ni tunda la jamii ya tofaa, na kabichi, vyote viwili vimening'inizwa kwa uzi, kisha tikiti lililokatwa na kipande chake, na tango, vimewekwa kwenye ukingo wa dirisha la mawe. Vinashuka kwa mkunjo kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Nyuma yake ni giza tupu. Ncha ya tango imetokeza nje ya ukingo, kivuli chake kimeangukia jiwe, na kwa kivuli hicho peke yake unajua kwamba tango linakujia wewe.

Watu wakiiona picha hiyo husema mara moja: giza ni kifo. Mimi huwauliza wameona wapi kifo. Ninachokiona kwanza ni stoo ya chakula. Wanahistoria hueleza kwamba zamani Hispania matunda na mboga vilining'inizwa mahali pa ubaridi ili visioze haraka, na sisi nani asiyejua mahindi ya mbegu yanavyoning'inizwa juu ya meko ili yasibunguliwe? Uzi ule ni uzi wa jikoni. Ukishakubali hilo ndipo unaanza kuona jambo lingine: mchoraji hakurundika. Kila kitu kimepewa nafasi yake na giza lake, na mwanga wa pembeni unakigusa kimoja kimoja. Mwaka 1603 Cotán aliingia kwenye nyumba ya watawa wa Kikartusi. Habari hiyo nikiipata baada ya kutazama, inaingia penyewe. Ningeipata kabla, ningeona utawa tu na tango lisingekuwepo.

Kwenye kusoma ganda sijapata mwalimu kumzidi bibi mmoja anayeuza matunda soko la Mwanga, hapa Kigoma. Nilimpelekea kipande cha plaiwudi nilichochora maembe matatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leo umeniletea nini?"

Akaipokea picha, akaishika mbali, akaisogeza karibu. "Hili la kulia ni la kuvundika."

"Umejuaje, bibi?"

"Tazama kwenye kikonyo. Embe lililokomaa mtini lina mabega, yameinuka, kikonyo kimezama katikati. Hili mabega yamelala. Halafu ngozi imeanza kujikunja. Wamelichuma changa wakalifunika. Na hii michirizi myeusi ni utomvu. Aliyechuma hakuliinamisha likachuruzika."

Yote yalikuwa kweli, nami nilikuwa nimeyachora kwa sababu niliyaona, bila kujua yanasema nini. Embe likikatwa kikonyo, utomvu wake unatoka kwa nguvu, na ukigusa ngozi unaiunguza; alama hiyo haifutiki. Embe lililochumwa kabla ya kukomaa linanyauka badala ya kuiva vizuri. Na ile rangi nyekundu shavuni mwa baadhi ya maembe iko upande uliokuwa unapigwa na jua mtini. Maana yake tunda linaingia chumbani kwangu likiwa tayari limeshika mwanga mwingine, wa miezi mingi, ulioganda kwenye ngozi. Ninapolichora kwa mwanga wa dirisha nachora mianga miwili, na lazima nijue wekundu upi ni wa ngozi na upi umetoka kwenye kitambaa cha mezani. Jambo hili lilinipa furaha kubwa nilipolielewa, na bado linanipa.

Siku nyingine nikamwonyesha bibi kwenye simu kikapu cha matunda cha Caravaggio, kilichochorwa karibu na mwaka 1599, ambacho kiko Milano, Italia. Ni picha ndogo, urefu wake kwenda juu haufiki nusu mita. Kuna zabibu, tini, tofaa, pichi, pea, na majani ya mzabibu, kwenye kikapu kilichosukwa, na kitako cha kikapu kimevuka ukingo wa ubao. Nyuma hakuna kitu, ni rangi moja ya manjano iliyofifia. Bibi akaipanua picha kwa vidole, akapita jani kwa jani. "Tofaa hili lina mdudu," akasema. Tundu la mdudu liko pale mbele kabisa, hakuna anayelikosa. Kisha akaonyesha majani ya kulia, yaliyojikunja na kukauka. "Na huyu kikapu chake kimekaa. Majani hayajanyunyiziwa maji."

Vitabu vinasema tundu lile na majani yale ni ukumbusho kwamba uzuri hupita. Sipingi. Lakini bibi alifika pale pale kwa njia ya ngozi na unyevu, na njia yake ina nguvu zaidi, kwa sababu kwake kupita kwa uzuri ni hasara anayoijua: jioni embe halijauzwa, kesho bei imeshuka. Caravaggio angeweza kuchagua tofaa zima. Alichagua hili, akaliweka mbele, akalipaka kwa uangalifu ule ule aliozipa zabibu.

Kuhusu kuchora ganda lenyewe nitasema jambo moja ambalo vijana hulichelewa. Chungwa lina vitundu vingi vidogo, na mwanafunzi mwenye bidii atataka kuvichora vyote. Asifanye hivyo. Mahali mwanga unapopiga moja kwa moja, vitundu vinamezwa na weupe. Kwenye giza, vinamezwa na giza. Vinaonekana pale katikati tu, mwanga unapolipita ganda kwa ubavu na kuanza kuondoka. Vichore hapo, na jicho litajaza mahali pengine lenyewe. Mng'ao nao unatangaza aina ya ganda: kwenye embe lililofutwa ni doa moja kali, kwenye pera umetawanyika na kufifia, kwenye tende umevunjika vipande vipande kufuata mikunjo. Ukibadilisha mng'ao tu, bila kugusa rangi nyingine, umebadilisha tunda.

Aliyelijua hili kwa undani ni Jean Siméon Chardin wa Ufaransa. Kikapu chake cha stroberi, kilichoonyeshwa Paris mwaka 1761 na kuingia jumba la Louvre mwaka 2024, ni kichuguu chekundu cha matunda, glasi ya maji, maua mawili meupe, cheri mbili na pichi moja. Glasi ile inapozesha picha nzima. Diderot, aliyeandika juu ya maonyesho ya Paris wakati ule, alisema mwaka 1763 kuhusu kazi za Chardin kwamba ukisogea karibu kila kitu kinavurugika, na ukirudi nyuma kinaumbika upya. Ndiyo maana kwangu kuna alama ya chokaa sakafuni, mbali na ubao. Kila anayechora lazima arudi mpaka pale mara kwa mara.

Sasa maana. Waholanzi wa karne ya 17, akina Pieter Claesz na Willem Claesz. Heda wa Haarlem, walipenda sana limau lililomenywa nusu, ganda lake likining'inia nje ya meza. Kuna wanaosoma pale onyo: kizuri kwa nje, kichungu kwa ndani. Huenda. Lakini katika picha hizo limau mara nyingi liko karibu na chaza, samaki au glasi ya mvinyo, na mtu wa Kigoma aliyekamulia ndimu mgebuka, samaki wetu wa ziwani, wa kukaanga haoni fumbo pale, anaona mlo. Isitoshe, hakuna tunda linalompa mchoraji mtihani mkubwa kama huo kwa mkupuo mmoja: ganda lenye vinundu, utando mweupe mkavu, na nyama yenye maji inayopitisha mwanga. Naamini walilichora kwanza kwa sababu hiyo, na onyo likaja kukaa juu yake. Na limau halikuota Uholanzi. Lilisafirishwa kutoka kusini. Willem Kalf, aliyefanya kazi Amsterdam, aliweka matunda kama hayo kwenye bakuli za kaure kutoka China, katika zama za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India iliyoundwa mwaka 1602. Kwa hiyo meza ile ni ramani ya biashara. Limau lina maana kwa sababu ya safari yake.

Komamanga ni mfano mwingine ambao hapa Ujiji hauhitaji kitabu cha sanaa. Katika picha za Kikristo za Ulaya, komamanga lililopasuka huhusishwa na ufufuo, na vilevile na Kanisa lenye waumini wengi ndani ya ganda moja. Kijana wa madrasa akiliona anakumbuka Surat Ar-Rahman, ambako makomamanga yametajwa pamoja na mitende katika bustani za peponi. Akiona tini anakumbuka sura inayoanza kwa kiapo cha tini na zeituni. Tunda ni lile lile, punje ni zile zile nyekundu zinazoshika mwanga kama vioo, na wote wawili wamesoma kwa haki. Ninachokataa ni orodha: tofaa ni dhambi, limau ni uchungu, zabibu ni damu, kana kwamba mchoraji alikuwa anaandika kwa herufi. Mhispania Francisco de Zurbarán mwaka 1633 alipanga malimau kwenye sahani, machungwa na maua yake kikapuni, na kikombe cha maji chenye waridi pembeni, vitatu kwa mstari mmoja mbele ya giza. Wengi wanaona heshima kwa Bikira Maria: maua ya mchungwa na maji kwa usafi, waridi kwa upendo. Naikubali tafsiri hiyo kwa sababu ya mpangilio, utulivu na mwanga. Vitu vimewekwa jinsi sadaka inavyowekwa. Malimau yale yale yakimwagwa juu ya meza ya jikoni yasingesema hivyo.

Basi na embe la Ujiji linasema nini? Asili ya mwembe ni Asia Kusini. Ulifika pwani yetu kwa biashara ya Bahari ya Hindi, ukafuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi hapa ziwani, njia ile ile iliyopitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kwenye eneo la kumbukumbu ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, miembe bado inatoa kivuli, na watoto wanaokota maembe chini yake. Ninapoweka embe mezani peke yake, nyuma nikaacha giza, mzee wa hapa akilitazama anaanza kuhadithia habari za babu zake bila mimi kuuliza. Nikiliweka embe lile lile kwenye sinia la plastiki la buluu, kando ya mfuko wa chumvi yenye pilipili, mtazamaji anacheka na kukumbuka shule. Embe halikubadilika. Kilichobadilika ni majirani zake na giza la nyuma.

Kwenye ubao sasa nina mkungu wa chikichi, matunda yanayotoa mawese. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuanza. Kila tunda lina ncha nyeusi na tumbo la rangi ya moto, lina mng'ao wake mdogo, na kati ya matunda kuna miiba inayotupa vivuli vyembamba. Matunda ya nje, yaliyoona jua, yana rangi nzito. Ukiyang'oa, yale yaliyofichwa ndani yamepauka, kwa hiyo nimeacha pengo ubavuni ili tofauti hiyo ionekane. Kazi inataka haraka, kwani mkungu ulioiva unapukutisha matunda. Nimeyaacha yaliyoanguka pale yalipoangukia, maana kwa mkulima ndiyo dalili kwamba siku ya kukata imefika, na pia yakichubuka mafuta yake huharibika upesi.

Mbele ya mkungu nimepanga chikichi mbili zilizokatwa. Moja ni ya mti wa zamani, kifuu kinene, nyama nyembamba. Nyingine ni ya tenera, mbegu ambayo kituo cha utafiti cha Kihinga kimekuwa kikiizalisha, nyama imejaa na kifuu ni chembamba, katikati mise, yaani kiini cha mbegu, nyeupe. Mtu wa Mwandiga, hapa Kigoma, akisimama mbele yake atajua ipi ni ya shamba la baba na ipi ni ya mkopo wa miche, na atakuwa na maneno yake juu ya kila moja. Kinachonipa shida kwa sasa ni rangi ya ile nyama. Nyekundu ya kopo ni kali mno na njano inaifanya ionekane papai. Nimeanza kupaka njano kwanza, naiacha ikauke, kisha napitisha nyekundu nyepesi sana juu yake ili mwanga utokee chini, na upande wa kushoto umeshaanza kukubali.